"Analia," alisema shangazi

Shangazi yangu alikuja Dar kwa ajili ya kliniki ya macho, akakaa kwangu wiki tatu. Jioni moja nilikuwa mezani na kompyuta naangalia Banshun, filamu ambayo nimeshaiona mara nne au tano. Yeye alikuwa nyuma yangu kwenye kochi, ungo mapajani, anachambua mchele wa kesho. Feni inapiga kelele zake za siku zote. Filamu ya Kijapani, maandishi ya chini Kiingereza, na shangazi hasomi Kiingereza wala haoni vizuri kwa mbali. Nilijua hana habari nayo.

Tukafika kwenye sini ya chombo cha maua.

Kioo kizima hakina mtu. Ni chumba chenye giza, dirisha la duara lililowambwa karatasi, vivuli vya mianzi juu ya karatasi, na mbele yake chombo kimoja cha maua. Hakuna kinachotikisika. Nyuma yangu ungo ukanyamaza.

"Analia," shangazi akasema.

Kisha ungo ukaendelea.

Sikugeuka. Nilibaki nimekodolea macho kile chombo, nikijiuliza huyu mama ameona nini ambacho mimi, mtu ninayekula kwa kuhariri video, sijawahi kukiona wazi namna hiyo. Ni wiki sita sasa, na lile neno halijanitoka kichwani.

## Sini yenyewe

Ozu Yasujirō aliitoa filamu hii mwaka 1949. Profesa mjane anaishi na binti yake Noriko, ambaye umri wa kuolewa unampita na hataki kumwacha baba. Baba anamdanganya kwamba na yeye anataka kuoa, ili binti akubali kuondoka. Usiku ule wako Kyoto, safari yao ya mwisho wakiwa wawili. Wamelala kwenye magodoro sakafuni. Binti anaanza kumwambia baba jambo lililomkaa moyoni, anageuka kumtazama, kumbe mzee ameshapotelea usingizini. Anakoroma.

Noriko anatazama dari. Anatabasamu kidogo.

Chombo cha maua.

Noriko tena. Tabasamu limeondoka, macho yamejaa. Chozi halidondoki.

Chombo cha maua, na safari hii kinakaa zaidi.

Halafu ni mchana, bustani ya mawe ya Ryōan-ji, wazee wawili wamekaa wanaongea habari za kulea mabinti.

Kati ya Noriko wa kwanza na Noriko wa pili kuna kitu kimetokea, na hicho kitu hatukuonyeshwa. Ozu alikuwa na kamera, alikuwa na taa, na zaidi ya yote alikuwa na uso wa Hara Setsuko, anayemcheza Noriko. Akaamua kutuonyesha chombo. Wasomi wamegombana juu ya chombo hicho kwa miongo kadhaa. Paul Schrader, mwandishi wa habari za sinema, katika kitabu chake cha mwaka 1972, alikiona kama kitu kilichotulia ambacho kinapokea hisia zinazopingana na kuzigeuza kuwa kitu kimoja cha kudumu. Wengine wakambishia. Kuna hata waliouliza kama Noriko mwenyewe anakitazama.

Mimi ubishi wangu ulikuwa wa kazi zaidi. Kwenye ofisi niliyoanzia kazi, sheria ilikuwa moja: mtu akianza kulia, usiuache uso wake. Nikihariri sendofu, mama akimkabidhi binti, kamera inaganda usoni, muziki unapanda, nahakikisha chozi limefika kidevuni ndipo nakata. Mara moja tu nilijaribu kukata mapema nikaweka picha ya viatu vya bibi harusi mlangoni. Mteja alirudisha kazi. "Mbona mama hujamwonyesha akilia?" Bosi wangu hakunigombeza sana, aliniambia tu, "Chozi ndiyo hela, bwana."

Kwa hiyo mtu akikata chozi akaweka chombo, mimi nasimama.

## Kuangaza na kutia wingu

Siku mbili baada ya lile neno la shangazi nilianza kusoma kuhusu Noh, kwa sababu ndani ya Banshun yenyewe kuna sini ndefu ya watu wamekaa wanaangalia Noh.

Noh ni tamthilia ya karne ya 14. Kan'ami na mwanawe Zeami ndio waliokusanya vionjo vilivyokuwepo wakavifanya sanaa moja. Jukwaa ni la mbao tupu, karibu mita sita kwa sita, na pambo lake ni msonobari uliochorwa ukutani nyuma. Mwigizaji mkuu mara nyingi huvaa kinyago kilichochongwa kwa mti wa hinoki, kidogo kuliko uso wa mtu mzima, kiasi kwamba kidevu chake kinabaki nje. Matundu ya macho ni madogo mno; anaijua nafasi yake kwa kuangalia nguzo za jukwaa. Hatua zake ni za kuburuza, unyayo hauachi sakafu.

Na kile kinyago hakicheki wala hakilii. Kimechongwa katikati.

Kazi yote iko shingoni. Mwigizaji akikiinua kidogo, mwanga unakipiga, na Wajapani wanaita hivyo *terasu*, kuangaza. Akikiinamisha kivuli kinashuka, na jina lake ni *kumorasu*, kutia wingu. Akitaka kulia, anapandisha kiganja taratibu mpaka mbele ya macho, bila kugusa. Basi. Hicho ndicho kilio kizima. Unaweza kukaa saa nzima na nusu ukapewa kiganja kimoja.

Zeami aliandika mengi, na katika andiko lake la mwaka 1424 kuna mambo mawili niliyoyanakili kwenye daftari la kazini. La kwanza, kwamba moyo wa mwigizaji uende kumi juu ya kumi, lakini mwili uende saba tu. La pili, kwamba watazamaji husema sehemu tamu ni zile ambazo mwigizaji hafanyi kitu: kati ya ngoma na ngoma, kati ya neno na neno, pale mwili umesimama na moyo haujalegea.

Saba juu ya kumi. Ningempelekea bosi wangu wa zamani hiyo hesabu.

Nikaona nimepata jibu. Kinyago ni chombo cha maua, chombo cha maua ni kinyago. Unampa mtu kitu kitupu kwa wakati wake, anakijaza mwenyewe. Shangazi alikijaza.

## Supu na jeneza

Jibu hilo lina ndugu yake kwenye sinema, na kila aliyewahi kukaa kwenye mashine ya kuhariri analijua. Mrusi Lev Kuleshov, karibu karne moja iliyopita, alichukua uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin usio na hisia yoyote, akauunganisha na sahani ya supu, na mara nyingine na jeneza. Inasimuliwa kwamba watu wakasifu jinsi jamaa anavyoigiza njaa, na jinsi anavyoigiza msiba. Uso ni uleule. Filamu yenyewe haikubaki, na masimulizi yanatofautiana, lakini jaribu mwenyewe jioni moja na picha za simu uone.

Halafu kuna Eisenstein, mwongozaji wa filamu, Mrusi pia. Mwaka 1928 kundi la kabuki, tamthilia nyingine ya Kijapani, la Ichikawa Sadanji wa Pili lilicheza Moscow, naye akaenda kuangalia, akatoka anaandika kama mtu aliyepigwa na radi. Kabuki si Noh. Kabuki ni rangi, kelele, na ile *mie*, pale mwigizaji anapoganda ghafla kwenye kilele, macho yamekaza, vipande viwili vya mbao vinagongwa sakafuni pembeni, na ukumbi mzima unamtazama kama picha. Ni picha ya karibu iliyobuniwa kabla kamera haijazaliwa. Mwaka uliofuata Eisenstein akaandika kwamba hata maandishi yale ya Kichina wanayotumia Wajapani ni uhariri wa filamu: chukua alama ya maji, weka pembeni ya alama ya jicho, unapata kulia.

Maji, jicho. Nililipenda hilo kupita kiasi. Nilishaanza hata kuandika makala hii, nikiwa nimeipa kichwa kingine kabisa.

Kisha kitumbua kikaingia mchanga.

## Kinyago kilichokataa

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2000, waliopimwa wakiwa Wajapani na Waingereza. Walionyeshwa kinyago cha Noh kwenye pembe mbalimbali, wakaulizwa: huyu ana furaha au huzuni? Ukifuata mapokeo, unajua majibu tayari. Kikiinuliwa ni furaha, kikiinamishwa ni huzuni.

Majibu yakaja kinyume. Kinyago kilichoinamishwa mbele ndicho kilichoonekana kina furaha mara nyingi zaidi. Kilichoinuliwa kikaonekana kina huzuni.

Ukikaa na picha unaelewa. Midomo ya kinyago imechongwa kwa mkunjo. Kikiinama, ncha za midomo zinaonekana zimepanda, kama tabasamu. Kikiinuka, ncha zinashuka. Jicho letu linadhani msuli umesogea, kumbe kilichosogea ni kichwa.

Sasa mimi niko wapi? Kama kinyago kinasema furaha pale mwigizaji anaposema huzuni, basi habari ya kitu kitupu kinachojazwa na yeyote apitaye haiwezi kuwa kweli nzima. Kuna mtu anajaza vibaya. Na kama Mwingereza kwenye maabara anajaza vibaya, kwa nini nimwamini shangazi kwenye kochi, tena mwenye macho yaliyomleta mjini kutibiwa?

Nilimwonyesha kile kipande jamaa ninayefanya naye kazi, fundi wa sauti. Nikasimamisha kwenye chombo. Nikamuuliza, yule binti anafanya nini sasa hivi?

"Amechoka na safari," akasema.

Mdogo wangu akasema, "Kwani kuna binti?"

Kitu kimoja tu kwenye ule utafiti kiliniokoa nisifute makala. Wajapani hawakujibu sawasawa na Waingereza. Kinyago kilipoinamishwa sana, huzuni ilianza kurudi kwa Wajapani. Na picha zilipokatwa ili kuondoa kidevu na sehemu ya juu ya kichwa, ule mgeuko ukapungua. Ninavyosoma mimi, maana yake ni kwamba hawakuwa wanasoma mdomo peke yake. Walikuwa wanasoma mtu aliyeinamisha kichwa. Na mtu anayeinamisha kichwa namna ile, wanakotoka, wanamjua.

## Mke wa pili ukumbini

Nikarudi kwenye sini ya Noh ndani ya Banshun, na nadhani hapa ndipo ningepaswa kuanzia tangu mwanzo.

Baba na binti wamekaa ukumbini. Jukwaani wanacheza Kakitsubata, tamthilia ya roho ya ua. Baba anafuatilia kwa raha zake. Ghafla anamwona mtu upande wa pili, anainamisha kichwa kumsalimia. Noriko anafuata macho ya baba, anamwona: ni yule mjane anayesemekana ndiye mke mtarajiwa. Noriko naye anainamisha kichwa, anatabasamu kwa adabu. Uimbaji wa jukwaani haukatiki hata sekunde.

Kisha Noriko anamtazama baba. Anamtazama yule mama. Baba hajui kitu, anaangalia mchezo. Na kichwa cha Noriko kinaanza kushuka.

Kinashuka taratibu, kama kile cha jukwaani.

Hara Setsuko anatia wingu kwa uso wa nyama. Hakuna anayesema neno, hakuna muziki wa filamu, ile sauti ya waimbaji wa Noh tu inayovuta maneno yake ya kale. Ozu anakata, anatuonyesha mti mkubwa nje, matawi yanapepea, na ule uimbaji bado unasikika juu ya mti.

Kwa hiyo tunapofika Kyoto, na kile chombo, tumeshafundishwa kusoma. Uso, halafu kitu, halafu tusubiri. Chombo si kitupu kabisa. Kimewekwa baada ya mti. Jamaa wa sauti na mdogo wangu niliwatupa katikati ya filamu, nikawadai majibu.

Lakini shangazi naye hakuwa ameangalia mwanzo.

## Mtu wa pembeni

Kuna jambo kuhusu Japani ambalo sisi tuliokulia vibanda umiza hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Filamu zao za zamani zisizo na sauti hazikuwa kimya. Pembeni ya kioo alisimama *benshi*, akitoa sauti za wahusika wote, mwanamke na mwanamume na mtoto, akieleza, akitia chumvi pale aonapo pamepoa. Watu walifuata jina la benshi kama sisi tulivyofuata jina la Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, kwenye kava la kanda, filamu yenyewe iwe yoyote. Na hawakulianzisha hilo hewani. Kwenye tamthilia yao ya vikaragosi, bunraku, msimulizi anakaa pembeni ya jukwaa na mpiga shamisen, anatoa sauti za wote, huku watu watatu wakikiendesha kikaragosi kimoja mbele ya macho yako bila kujificha. Mwili uko huku, sauti iko kule. Mtazamaji ndiye anayeunganisha.

Kaka yake Kurosawa Akira, yule mwongozaji wa filamu, aliitwa Heigo, naye alikuwa benshi. Ndiye aliyempeleka mdogo wake kwenye sinema. Filamu za sauti zilipoingia, kazi ikafa, wakagoma, haikusaidia. Heigo alijiua mwaka 1933. Mdogo wake alikuwa na miaka 23 na hajaingia kwenye filamu bado.

Siwezi kuithibitisha fikra hii, lakini kila nikiangalia filamu yake ya mwaka 1957, Kumonosu-jō, ile iliyotokana na Macbeth, naiwaza. Ndani yake pembeni hakuna anayeeleza. Kurosawa aliwaonyesha waigizaji wake vinyago vya Noh, kila mmoja na chake, kwamba huyu ndiye wewe. Yamada Isuzu, anayecheza Asaji, alipewa *shakumi*, uso wa mwanamke mzuri ambaye ujana unamwacha.

Sini ninayoirudia ni ya pombe. Asaji anataka kuwalevya walinzi. Anainuka, anaelekea mlangoni, nyuma ya mlango ni giza tupu. Anaingia gizani, vazi lake jeupe linafifia, linapotea. Kamera haimfuati. Tunabaki na weusi. Kinachosikika ni mchakacho wa hariri sakafuni, unakwenda, halafu unarudi. Kisha anachomoza kwenye weusi uleule, uso haujabadilika hata mshipa, mikononi ana mtungi.

Kuna mtu atakufa usiku huo, nasi tumepewa mchakacho wa nguo.

Nilipofika hapo nikajua kilichokuwa kinanisumbua. Ozu na Kurosawa walimwondoa yule mtu wa pembeni na wakaacha nafasi yake wazi. Na jioni ile, sebuleni kwangu, shangazi alikaa kwenye ile nafasi. Alikuwa benshi wangu. Neno moja, mahali pake hasa.

## Miwani

Juzi shangazi amerudi, miadi ya pili. Safari hii ana miwani, na anatazama kila kitu humu ndani kana kwamba nilikuwa namficha.

Nikamwambia nimeandika jambo kuhusu yeye. Akacheka, akataka asomewe. Nikamsomea mwanzo, mpaka pale ungo unaponyamaza.

"Nilisema nini?"

"Ulisema analia."

"Mimi?"

"Ndiyo shangazi. Kulikuwa na chombo cha maua tu, ukasema analia. Mimi nimekaa na hilo neno wiki sita."

Akavua miwani, akaifuta kwa upande wa khanga.

"Baba, mimi nilisema *analala*. Yule mzee alikuwa anakoroma nikamsikia mpaka huku. Mtoto anaongea naye, mzee analala! Nikasema mwenyewe, ah, wanaume."

Feni ilikuwa inapiga kelele zake.

Sikuwa na la kusema. Nikafungua kompyuta, nikatafuta ile sini, nikamsogezea kiti karibu na meza. Binti akaongea, mzee akakoroma. Shangazi akanitazama kwa ushindi: si unasikia? Kisha kikaja chombo, uso, chombo tena, bustani ya mawe.

Aliendelea kuangalia ile bustani kidogo.

"Hebu rudisha," akasema. "Kwani yule binti alikuwa analia?"

Nikarudisha.